Polisi na risasi nchini Kenya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila kijana anapopigwa risasi Mathare, Kondele au Likoni, maswali yale yale hurudi: matangani, steji ya boda boda, ndani ya matatu. Nimeyakusanya hapa pamoja na majibu yake, kuanzia ya msingi hadi yale yanayoumiza kichwa. Ukipata swali lako limejibiwa kwa kifupi, fuata pale unapoelekezwa.

## Misingi

Je, polisi wa Kenya ana ruhusa ya kuua?

Hana ruhusa ya jumla. Kifungu cha 26 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kuishi, na kinasema mtu hatanyimwa uhai kwa makusudi isipokuwa kwa kiwango kilichoruhusiwa na Katiba yenyewe au sheria nyingine iliyoandikwa. Kwa polisi, sheria hiyo ni Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, na sehemu inayohusu bunduki ni Jedwali la Sita, mojawapo ya viambatisho vya sheria hiyo. Ni kurasa chache tu. Natamani kila mkaazi angezisoma, na kila askari angezikariri.

Jedwali hilo linaanza na agizo moja: askari ajaribu kwanza njia zisizo na nguvu. Nguvu huja pale tu njia hizo zinaposhindwa au ni wazi hazitafaulu. Hata hapo, nguvu hiyo ilingane na uzito wa kosa na upinzani anaoupata.

Ni wakati gani hasa anaruhusiwa kufyatua risasi?

Bunduki hutumika tu pale njia nyepesi zaidi hazitoshi, na kwa sababu zilizotajwa: kuokoa maisha yake au ya mtu mwingine, kujikinga au kumkinga mwingine dhidi ya hatari ya kifo au jeraha baya iliyo karibu kutokea, kulinda maisha na mali kwa nguvu inayoweza kuhalalishwa, na kumzuia mtu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa la jinai asitoroke kizuizini, au anayemtorosha mtu wa namna hiyo.

Tazama neno "karibu kutokea". Sheria inauliza kilichokuwa kikitendeka sekunde ile risasi ilipotoka. Haiulizi marehemu alikuwa nani mtaani, wala alifanya nini mwezi uliopita. Majibu mengi kwenye ukurasa huu yanarudi hapo.

Lazima atoe onyo kwanza?

Ndiyo. Ajitambulishe kuwa ni polisi, aonye waziwazi kwamba atatumia bunduki, na atoe muda wa kutosha onyo lisikike na kutiiwa. Anasamehewa tu ikiwa kungoja kungehatarisha maisha yake au ya wengine, au ikiwa onyo lingekuwa bure kabisa katika hali ile. Askari aliyevaa kiraia, anayeshuka kwenye probox isiyo na nambari na kuanza kupiga risasi bila kusema neno, ana deni kubwa la maelezo.

Kupiga risasi hewani si onyo ambalo Jedwali linalidai. Risasi iliyopanda hushuka, na inaposhuka haichagui. Tazama swali la risasi iliyopotea hapo chini.

Sheria inasema nini kuhusu watoto?

Askari afanye kila awezalo kuepuka kutumia bunduki, hasa dhidi ya watoto. Imeandikwa hivyo, bila kuzungushazungusha.

## Mabishano ya kila siku

Lakini huyo alikuwa jambazi. Mbona mnamtetea?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na mara nyingi anayeliuliza ni mtu aliyeporwa simu, au aliyempoteza ndugu kwa wezi wa bunduki. Hasira yake ni ya kweli na simlaumu.

Ila angalia linavyopindisha mambo. Baada ya kila kifo hutoka maelezo yale yale: alikuwa mshukiwa sugu, bastola ya kujitengenezea ikapatikana, wenzake wakatoroka. Hapo mjadala wote huhamia kwenye tabia ya marehemu. Familia hulazimika kuleta vyeti vya shule na picha za kwaya ya kanisa kuthibitisha kwamba mtoto wao alikuwa mwema, kana kwamba mtoto asiye mwema angestahili kufa. Swali la sheria halimo humo kabisa. Mtu aliyeiba mara kumi na sasa amelala chini mikono ikionekana hawezi kupigwa risasi. Na mtu asiye na doa lolote maishani, akimwelekezea mwenzake bunduki, anaweza kupigwa.

Mwisho wa Machi 2017 video ilisambaa kutoka Eastleigh ikimwonyesha mwanamume aliyevaa kiraia akiwapiga risasi vijana wawili wakiwa chini, watu wakitazama mchana kweupe. Nchi iligawanyika. Wengi walisema walikuwa wa genge. Hata tukikubali hilo, swali linabaki pale pale: wakiwa wamelala chini, walikuwa wakitishia uhai wa nani?

Kwa nini basi wakaazi wengine hushangilia?

Kwa sababu wamechoka. Mwizi hukamatwa Jumatatu na Alhamisi yuko mtaani tena, shahidi anatishwa, faili inapotea. Askari mmoja wa Githurai alipokamatwa kwa mauaji ya mwaka 2013, wakaazi waliingia Thika Road wakidai aachiliwe, wakisema ndiye aliyewaletea usingizi. Mahakama ilisikiliza ushahidi, ikamtia hatiani, na 2018 ikamfunga.

Sijawahi kuwadharau walioandamana siku ile. Walikuwa wakiomba usalama, na hakuna aliyekuwa amewapa aina nyingine. Lakini askari anayeamua peke yake nani afe hana mtu wa kumwambia amekosea. Siku atakapomkosea mwanao, hutakuwa na pa kukata rufaa.

Na askari wanaouawa, mbona hamuwasemei?

Tunawasemea. Novemba 2012 takriban askari 40 waliuawa katika mtego wa wezi wa mifugo Bonde la Suguta, karibu na Baragoi. Garissa, tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa chuoni na al-Shabaab, na waliofika kumaliza shambulio lile walifyatua risasi kwa haki kabisa. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayemtaka askari amsihi mtu anayemmiminia risasi.

Jedwali la Sita liko upande wa askari wa namna hiyo. Linamlinda. Linamkataa yule anayetumia maneno "nilikuwa hatarini" kufunika mauaji ya mtu aliyekuwa amefungwa pingu.

Mshukiwa akikimbia, anaweza kupigwa risasi?

Kukimbia peke yake hakutoshi. Sheria inamtaja mtu *aliyeshtakiwa* kwa kosa kubwa na anayetoroka *kizuizini*. Kijana anayekimbia akiona landrover ya polisi hajashtakiwa kwa lolote wala hayuko kizuizini. Vijana wa mitaani hukimbia kwa sababu wanajua msako unavyoishia: hongo au seli.

## Maandamano

Maandamano yasiyo na notisi ni haramu, kwa hivyo polisi wanaweza kupiga risasi?

Hapana. Kifungu cha 37 kinalinda haki ya kukusanyika, kuandamana na kupeleka malalamiko, kwa amani na bila silaha. Sheria ya Utulivu wa Umma inataka notisi kwa polisi kati ya siku 3 na 14 kabla. Ni notisi, wala si kuomba kibali. Kukosa notisi kunaweza kumletea mwandalizi kesi. Hakugeuzi kifua cha mwandamanaji kuwa shabaha.

"Risasi ya mguu" inaruhusiwa?

Julai 2025, siku chache baada ya maandamano ya Saba Saba, ambapo Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilihesabu vifo 31, Rais William Ruto alisema hadharani kwamba anayechoma biashara ya mwenzake apigwe risasi ya mguu, apelekwe hospitali, kisha kortini. Wengi waliona hiyo ni huruma: angalau hakusema auawe.

Sheria haina daraja la risasi ya mguu. Risasi ni risasi, na masharti ni yale yale. Muulize daktari yeyote wa dharura: katika paja unapita mshipa mkubwa wa damu, na ukikatwa mtu anaweza kumalizika kabla ya kupata gari la kumpeleka hospitali. Na nani analenga mguu wa mtu anayekimbia ndani ya umati, moshi wa vitoa machozi ukiwa umetanda? Risasi ikikosa paja inaingia tumboni, au inampata muuza njugu aliye nyuma.

Kuna jambo la pili, zito zaidi. Kuvunja mguu wa mtu ili akome ni adhabu, na adhabu hutolewa na hakimu baada ya kusikiliza kesi. Anayechoma duka akamatwe, ashtakiwe, afungwe. Jedwali linataja mali, ndiyo, lakini pamoja na maisha na kwa nguvu inayohalalika. Huwezi kulisoma kifungu hicho peke yake, ukasahau kile kinachosema nguvu ilingane na kosa. Duka hujengwa upya.

Waziri akiamuru "piga risasi", askari afanye nini?

Akatae. Juni 2025, siku moja baada ya maandamano ya kuwakumbuka waliouawa Juni 25, 2024, Waziri wa Usalama wa Ndani Kipchumba Murkomen alisema atakayekaribia kituo cha polisi apigwe risasi. Baadaye akadai maneno yake yalieleweka vibaya. Hakuwa wa kwanza. Wenye umri wanakumbuka amri kama hizo za marehemu John Michuki, aliyekuwa waziri wa usalama.

Kifungu cha 245 cha Katiba kinamruhusu waziri kumpa Inspekta Jenerali mwelekeo wa sera, tena kwa maandishi. Hakimruhusu mtu yeyote kumwelekeza kuhusu kutekeleza sheria dhidi ya mtu fulani. Nalo Jedwali la Sita limefunga mlango wa nyuma: kutii amri ya mkubwa si kisingizio cha kutumia nguvu kinyume cha sheria. Waziri hulala kwake. Anayepanda kizimbani ni konstebo aliyevuta kifyatulio.

Risasi za mpira haziui?

Zinaua zikipigwa kwa karibu au kichwani. Zilitengenezwa kulenga sehemu ya chini ya mwili, kutoka mbali.

Askari anaweza kuficha uso au kuondoa kibandiko cha jina?

Aliyevaa sare lazima awe na jina au nambari ya huduma mahali panapoonekana. Liko kwenye Jedwali lile lile, na Mahakama Kuu ilitoa amri kuhusu jambo hili Agosti 2024, baada ya maandamano ya vijana dhidi ya Mswada wa Fedha, wakati ambapo watu waliofunika nyuso walikuwa wakifyatua risasi katikati ya Nairobi. Kufikia tarehe 1 Julai mwaka huo Tume ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu vifo 39. Bila jina kifuani, shahidi mahakamani hubaki kusema "alikuwa mrefu, ana jaketi ya buluu", na kesi inafia hapo.

## Baada ya risasi

Saa za kwanza tufanye nini?

Aliye hai kwanza. Sheria inawataka polisi wampatie matibabu mara moja na kuwajulisha jamaa, lakini usiwangoje.

Halafu linda eneo. Maganda ya risasi yasiokotwe, hata na watu wenye nia njema wanaotaka kuyaonyesha kwa kamera. Piga picha yakiwa pale yalipo. Andika majina na simu za walioona, nambari ya gari, saa. Ripoti kituoni na uondoke na nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio. Kituo hicho kikikataa kuandika, nenda kingine. Ripoti IPOA, mamlaka huru inayochunguza polisi, siku hiyo hiyo. Video zihifadhiwe katika simu zaidi ya moja, pamoja na ile ya awali isiyokatwa wala kuwekwa muziki.

La mwisho ndilo zito: msikubali upasuaji wa maiti ufanywe familia haina mwakilishi. Mna haki ya kuleta daktari wenu. Mashirika ya haki za binadamu mara nyingi husaidia kumpata bila malipo. Nimekaa nje ya mochari na mama aliyekuwa akishinikizwa na wazee wa ukoo azike upesi "ili yaishe". Alingoja siku 4. Siku hizo 4 ndizo zilizotoa kipande cha risasi mwilini.

IPOA ni nini?

Ni Mamlaka Huru ya Kutathmini Utendakazi wa Polisi, iliyoundwa kwa sheria ya 2011 ili polisi wasijichunguze wenyewe. Kifo chochote au jeraha baya lililosababishwa na polisi, likiwemo linalotokea seli, lazima liripotiwe kwao mara moja na mkubwa wa askari husika. Wao huchunguza na kupeleka faili kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, ambaye ndiye huamua kushtaki. Kwa hivyo ukiuliza kwa nini IPOA haijamfunga mtu, jibu ni kwamba haina uwezo huo.

Wachunguzi ni wachache, malalamiko ni mengi, na ushahidi muhimu, kama kitabu cha silaha kinachoonyesha nani alichukua bunduki gani, uko mikononi mwa polisi wale wale wanaochunguzwa.

Mbona kesi huchukua miaka?

Wakili Willie Kimani, mteja wake na dereva wao wa teksi walitekwa Juni 2016 wakitoka mahakama ya Mavoko. Mteja huyo, mwendesha boda boda, alikuwa amelalamika kuhusu askari aliyempiga risasi. Miili yao ilitolewa mtoni Ol Donyo Sabuk. Polisi watatu na mpasha habari wao walipatikana na hatia Julai 2022 na kuhukumiwa Februari 2023. Hiyo ndiyo kesi iliyofuatwa na nchi nzima na chama chote cha mawakili. Piga hesabu ya kesi ya kijana asiyejulikana.

Baby Pendo alikuwa na miezi 6 alipopigwa na polisi ndani ya nyumba yao Kisumu, usiku wa vurugu za uchaguzi wa Agosti 2017. Mwaka 2019 hakimu aliyechunguza kifo hicho alipata kwamba polisi walihusika, na mwaka 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka akaidhinisha maafisa 12 washtakiwe, makamanda wakiwemo, kwa uhalifu dhidi ya binadamu. Kisha ikaja ahirisho baada ya ahirisho. Na kumbuka kwamba Tume ya Waki, iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, ilikuwa imekwisha kueleza kwamba katika vifo 1,133 vya ghasia hizo, watu 405 walikufa kwa risasi.

Tunaweza kulipwa fidia bila kungoja kesi ya jinai?

Ndiyo. Familia inaweza kuishtaki serikali katika Mahakama Kuu kwa ukiukaji wa haki za Katiba, na kiwango cha ushahidi ni cha chini kuliko kesi ya mauaji. Kupokea fidia hakufuti kesi ya jinai. Mtu akikuletea karatasi inayosema hutafuatilia tena, usiweke sahihi kabla ya wakili wako kuisoma.

## Hali zenye utata

Sisi ni Waislamu, tunazika siku hiyo hiyo. Tutapoteza kesi?

Hili huulizwa sana Pwani, Eastleigh na Garissa, na linahitaji upole. Mkiweza, ombeni upasuaji ufanywe siku ile ile kabla ya maziko. Mueleze daktari na IPOA hali yenu mapema, na mshirikisheni imamu wenu. Kama mmeshazika, mahakama inaweza kuamuru kaburi lifukuliwe. Ni jambo chungu, na familia nyingi hulikataa. Angalau picha za majeraha zipigwe wakati wa kuosha maiti, na anayeosha, kwa heshima zote, aandike alichokiona.

Hakupigwa risasi, alifia seli. Yanahusu?

Yote yanahusu. Tarehe 8 Juni 2025 mwalimu mmoja aliyekamatwa kwa chapisho la mtandaoni alifariki akiwa kituo cha polisi cha Central, Nairobi. Maelezo ya kwanza ya polisi ni kwamba aligonga kichwa ukutani. Upasuaji ulionyesha majeraha yasiyoendana na hadithi hiyo, zikiwemo dalili za kubanwa shingo, na maafisa wakashtakiwa kwa mauaji. Rudi kwenye swali la saa za kwanza uone kwa nini ninasisitiza daktari.

Polisi wanasema ilikuwa risasi iliyopotea. Kuna kesi?

Ipo. Usiku wa tarehe 30 Machi 2020, siku chache baada ya kafyu ya korona kuanza, mvulana wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao Kiamaiko. Askari alishtakiwa kwa mauaji. Risasi "iliyopotea" ilitoka kwenye bunduki ya mtu, na maswali ni yale yale: alifyatua kwa nini, hatari gani ilikuwepo, na alijua kwamba juu yake kuna nyumba za watu?

Mimi ni askari. Nimeona mwenzangu akifanya hivyo. Nitajilinda vipi?

Andika ripoti yako kabla hujaambiwa andika nini. Kila matumizi ya bunduki, hata yasiyomjeruhi mtu, lazima yaripotiwe kwa mkubwa mara moja, na kutoripoti ni kosa. Unaweza kwenda IPOA moja kwa moja, na Shirika la Ulinzi wa Mashahidi linaweza kukupokea. Sitakudanganya kwamba ni rahisi. Baadhi ya kesi zilizofika mwisho zilifika kwa sababu askari mmoja alikubali kusema ukweli.

Ni miaka 9 imepita. Tumechelewa?

Mauaji hayana ukomo wa muda nchini Kenya. Njoo na ulicho nacho: kibali cha maziko, ripoti ya upasuaji kama ipo, nambari ya OB, gazeti la siku ile, jina la jirani aliyehamia Rongai. Kama hujawahi kuripoti IPOA, anza huko. Kama uliripoti ukanyamaziwa, dai nambari ya faili na jina la mchunguzi aliye nayo sasa.